Kutenganishwa kwa Huduma za Usuli na Madirisha katika Mfumo Endeshi wa Windows, 1993–2018

Huduma ya usuli ni programu inayoanzishwa na mfumo endeshi wenyewe, aghalabu kabla ya mtumiaji yeyote kuingia, ili kusimamia uchapaji, kuhifadhi nakala au kuzuia virusi. Makala haya yanafuatilia jinsi Windows ilivyoziondolea huduma hizo uwezo wa kufungua madirisha mbele ya mtumiaji, na yanadai kwamba badiliko hilo lilitokana na suala la mamlaka.

Katika familia ya Windows NT, iliyoanza mwaka 1993, huduma yenye mamlaka kamili iliweza kuruhusiwa kuonyesha dirisha kwenye eneokazi la mtumiaji. Hata katika Windows XP ya mwaka 2001, mtumiaji wa kwanza kuingia alishiriki Kikao 0 pamoja na huduma zote. Manufaa yalikuwepo: huduma ilipokwama iliuliza, na mtu akajibu papo hapo. Hata hivyo, madirisha ya eneokazi moja yalipelekeana ujumbe bila mpokeaji kumthibitisha mtumaji. Mwaka 2002 ilidhihirishwa hadharani kwamba programu ya mtumiaji wa kawaida ingeweza kupitia dirisha la huduma na kutekeleza maagizo yake kwa mamlaka ya mfumo mzima. Kiraka kilichotolewa na Microsoft Desemba mwaka huo kiliziba ufa. Mpangilio wenyewe ulibaki.

Windows Vista, iliyofika kwa umma Januari 2007, ilikiacha Kikao 0 kwa huduma pekee, na mtumiaji wa kwanza akapewa Kikao 1. Kwa muda, huduma maalumu ilimjulisha mtumiaji kwamba dirisha limefunguka upande wa pili. Nayo iliondolewa katika toleo la 1803 la Windows 10, mwaka 2018. Watunzi walilazimika kugawa kazi: huduma ibaki nyuma, na programu ndogo isiyo na mamlaka ya ziada ionyeshe dirisha katika kikao cha mtumiaji.

Gharama ya ulinzi huo huwaangukia zaidi wenye programu kongwe walio mbali na mafundi. Ofisi ya Quiterajo, wilayani Macomia, ikihamishia programu ya zama za XP kwenye Windows 10, yaweza kuona kazi imesimama bila sababu, kumbe huduma inangoja jibu la swali lililoulizwa pasipo na mtu. Kuiwasha upya kompyuta hakutoshi. Swali litarudi palepale. Kwa hiyo, wajibu wa kueleza umehamia kwa mtunzi: aandike hitilafu katika kumbukumbu za mfumo, kwa lugha anayoielewa msomaji wake.