Asali Iliyoganda Shanwe

Galoni ilikuwa mezani Shanwe, mjini Mpanda: juu majimaji, chini chengachenga nyeupe. Mteja aliikataa. "Imechakachuliwa hii." Mzee mrina asali akanigeukia: "Mwanangu, nimeitoa mzingani kwa mkono wangu. Sukari ningeitoa wapi?" Nani mkweli?

Simulizi ya mtaani ina tarehe yake. Zamani, wanasema, asali haikuganda. Ilianza kuganda pale sukari ya dukani ilipokuja na treni. Kufikia 1950 reli kutoka Kaliua ilikuwa imefika Mpanda kufuata madini ya risasi. Nikatafuta asali kwenye kumbukumbu za kabla ya hapo. Nikakuta nta. Nta ndiyo iliyosafirishwa ng'ambo tangu enzi za Wajerumani, ikahesabiwa na kuandikwa. Asali ilibaki nyumbani, nyingi ikawa pombe. Njia ya kumbukumbu ikafungika. Na asali iliyokwisha kugeuzwa pombe, nani angeiona ikiganda?

Nikaacha makaratasi, nikaifuata chenga yenyewe. Ni fuwele ya glukosi. Asali ina sukari mbili kuu: fruktosi huyeyuka kirahisi majini, glukosi huzidi kiasi ambacho maji yale machache yanaweza kubeba. Molekuli zake zina vishikizo vya oksijeni na haidrojeni. Zikikutana hushikana kwa bondi za haidrojeni. Bondi moja ni dhaifu, nyingi pamoja ni imara. Kila molekuli ya glukosi huingia na molekuli moja ya maji. Wala hazirundikani ovyo: vishikizo vina pembe zake, na mpangilio hujirudia hadi jicho linaona chenga. Kwenye nyuzijoto 14 hivi, kazi hiyo huenda kasi zaidi. Watengeneza dawa huitumia kanuni hiyohiyo: huchagua molekuli za kushikana na dawa ili fuwele yake iyeyuke vizuri tumboni. Huo ndio uhandisi wa fuwele. Basi majimaji ya juu kwenye galoni ya mzee yalitoka wapi?

Hakuna aliyeyatia. Glukosi inapojitenga huchukua maji kidogo tu. Asali inayobaki juu huwa nyepesi. Hapo mteja alikosea. Lakini mzee naye sikumpa ushindi wote, maana asali iliyotiwa sukari huweza kuganda pia. Kuganda peke yake hakumtii mtu hatiani wala hakumsafishi. Ni wangapi wamerudishwa na galoni zao kwa ushahidi huu mmoja?

Tukaisimamisha galoni kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu. Chenga zikayeyuka polepole, asali ikarudi rangi ya kahawia. Mzee akainama kuchungulia chini, nami nikainama naye. Je, imesalia hata chembe moja ambayo nyingine zitaishika baridi ikirudi?