David Maillu: Mchoraji wa Kilungu Aliyetuletea Jasusi 009

Mwaka 1980 kampuni ya Macmillan ilitoa riwaya fupi katika mfululizo wake wa Pacesetters, vitabu vya mfukoni vilivyosomwa na vijana kuanzia Lagos hadi Nairobi. Shujaa wake ni jasusi Mwafrika, Benni Kamba, nambari 009. Kitabu chenyewe kiliitwa The Equatorial Assignment. Aliyekuwa amefuatilia maduka ya vitabu ya Nairobi miaka ya sabini hangekosa kushangaa alipoliona jina la mwandishi. Alikuwa David Maillu, yule yule ambaye vitabu vyake vilikuwa vimepigwa marufuku Tanzania miaka minne tu kabla ya hapo.

Maillu alizaliwa mwaka 1939 Kilungu, sehemu ya vilima ambayo zamani ilihesabiwa ndani ya wilaya ya Machakos na leo iko katika kaunti ya Makueni. Masomo yake mengi aliyapata kwa njia ya posta, akijifundisha huku anatafuta riziki. Mwaka 1964, shirika la utangazaji la taifa lilipochukua jina la Sauti ya Kenya, alipata kazi huko kama mchoraji. Televisheni ilikuwa na umri wa miaka miwili tu nchini. Kazi yake ilikuwa kumvuta mtazamaji kwa picha, na katika kazi hiyo alikaa karibu miaka kumi.

Kitabu chake cha kwanza hakikuwa na jasusi wala bunduki. Ki Kyambonie, kilichochapishwa mwaka 1972 na East African Publishing House, ni mkusanyo wa methali za Kikamba, zile ambazo wazee wa Makueni na wenzao wa Kitui, ng'ambo ya mto Athi, hutumia kuamua kesi na kuonya vijana. Lakini kitabu cha Kikamba kilikuwa na soko dogo, na Maillu alitaka wasomaji wengi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo Charles Mangua alikuwa ametoa Son of Woman, na kitabu hicho kilinunuliwa kwa wingi sana. Kikathibitisha jambo ambalo wachapishaji wengi walilitilia shaka: kwamba karani, mwalimu wa msingi na sekretari wa Nairobi wako tayari kutoa pesa zao kununua riwaya, mradi iwazungumzie wao. Maillu alilielewa hilo upesi. Alianzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, akaacha kazi ya utangazaji, akawa mwandishi, mhariri na mwuzaji kwa wakati mmoja.

Vitabu vilifuatana mbio. Mwaka 1973 vilitoka Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle. Cha kwanza kinamwandama Jonathan Kinama, mtumishi wa serikali ambaye mshahara wake unaishia kwenye pombe na wanawake hadi anajiangamiza. Cha pili ni mlevi anayeiungamia chupa yake, kwa mistari mifupi iliyopangwa kama shairi. Mwaka uliofuata kikaja After 4:30, kilichohusu yanayotokea baada ya saa za kazi kati ya mabosi na masekretari wao. Mistari ile mifupi haikuwa pambo tu. Msomaji ambaye Kiingereza chake ni cha darasa la saba angeweza kuimaliza kurasa baada ya kurasa bila kukwama, ndani ya basi au kwenye foleni.

Wahakiki wengi walivikataa vitabu hivi. Waliviita takataka, wakalalamika juu ya habari za chumbani zilizoelezwa waziwazi. Maillu alijitetea kwamba anaonya: karibu kila mlevi na kila mzinzi katika vitabu vyake huishia pabaya. Utetezi huo una ukweli, ingawa pia ni kweli kwamba msomaji alipitishwa kwanza kwenye dhambi yote, tena polepole, kabla ya kufikishwa kwenye adhabu. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vya Comb, na soko la jirani likafungwa. Muda si mrefu kampuni ikalemewa na madeni, ikafa.

Ndipo Benni Kamba akazaliwa. Mfululizo wa Pacesetters ulilenga vijana, wengi wao wakiwa bado shuleni, kwa hiyo habari za chumbani zilibidi zipunguzwe. Maillu alibaki na mbio, njama na hatari. Jasusi wake hafanyi kazi ya mfalme wala malkia wa ng'ambo. Anaitumikia idara ya siri ya Afrika nzima, na maadui zake ni mawakala wa mataifa makubwa wanaotaka kuziyumbisha nchi changa. Nambari yake inamtania waziwazi James Bond, ambaye Ian Fleming alimleta duniani mwaka 1953 na sinema zikamfanya maarufu kuanzia 1962. Mwaka 1986 Kamba alirudi katika Operation DXT.

Hakuwa peke yake. Tanzania, Elvis Musiba alikuwa amekwisha kumtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, kwa Kiswahili, naye pia akiwawinda wanaohujumu ukombozi wa Afrika. Nairobi, Hilary Ng'weno alitoa The Men from Pretoria mwaka 1975, kuhusu majasusi wa makaburu. Miaka ya mapinduzi na vita vya ukombozi kusini mwa bara iliwapa waandishi hawa adui aliye tayari. Kenya ilipopata My Life in Crime ya John Kiriamiti mwaka 1984, adui alikuwa amehamia barabarani: jambazi anayevamia benki za Nairobi.

Maillu hakukaa kwenye ujasusi. The Ayah ya mwaka 1986 inahusu yaya na mateso yake. Untouchable ya 1987 ni mapenzi ya Mwafrika na Mhindi. Without Kiinua Mgongo ya 1989 inachanganya Kiingereza na Kiswahili jinsi watu wa Nairobi wanavyozungumza. Kisha mwaka 1991 akatoa Broken Drum, yenye kurasa zaidi ya elfu moja, inayofuata historia ya Wakamba kwa vizazi vingi. Nchi yao ndiyo nchi ya Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849.

Wahakiki wamezoea kumgawa Maillu mara mbili: mzee wa methali na Broken Drum upande mmoja, mwandishi wa chupa na majasusi upande wa pili. Mgawanyo huo haufai. Anayekusanya methali hujifunza kwamba neno lisilokumbukwa na watu limekufa, na ni somo hilo hilo lililomfanya aandike kwa mistari mifupi, achapishe vitabu vya bei nafuu na ampe jasusi wake jina la kabila lake. Riwaya ya uhalifu ya Kenya ilikua mikononi mwa watu wa aina hiyo, waliomtafuta msomaji kwanza na kibali cha wasomi baadaye.