Uvujaji wa oili katika injini za magari makuukuu

Uvujaji wa oili ni hali ya mafuta ya kulainishia injini kutoka nje kupitia gasketi, sili au bolti iliyolegea. Huyapata sana magari ya miaka mingi, kwa kuwa mpira wa sili hukakamaa kwa joto na kupoteza unyumbufu. Mata, wadi ya Taveta iliyo jirani na Ziwa Jipe, na kote hadi Voi, jua kali na vumbi jekundu la Tsavo huzidisha tatizo hilo. Vumbi hilo lina faida moja kwa fundi: hunata palipo na mafuta. Ukoko mkavu ni alama ya uvujaji wa zamani. Weusi unaong'aa ni wa sasa.

Tone lililo chini ya gari halionyeshi chanzo. Oili huteremka kwa uzito wake, na gari likienda upepo huisukuma nyuma. Chanzo hutafutwa mahali penye unyevu palipo juu zaidi na mbele zaidi.

Kwanza hutambuliwa kinachovuja. Kadibodi ikilazwa chini ya gari usiku kucha, oili ya injini huacha doa la kahawia au jeusi, mafuta ya giaboksi ya otomatiki na ya pawa stiringi huwa mekundu kwa kawaida, na ya giaboksi ya manyuo hunuka kiberiti. Maji safi ya eisii si hitilafu.

Kisha injini huoshwa kwa mafuta ya taa ikiwa imepoa kabisa, kwani mafuta hayo juu ya chuma cha moto yanaweza kuwaka. Alteneta na distribyuta hufunikwa kwa nailoni. Injini ikikauka, gari huendeshwa kilomita kumi hivi, halafu hukaguliwa kwa tochi kuanzia juu. Poda ya watoto ikinyunyizwa kabla ya safari, oili huchora mstari mweusi juu yake. Anayebadilisha sili bila kuosha injini anabahatisha kwa pesa za mwenye gari.

Oili inayodondoka pale injini inapoungana na giaboksi hustahili subira kuliko zote. Wengi huilaumu papo hapo sili ya nyuma ya kranki, na giaboksi hushushwa, kazi ya siku nzima au zaidi. Mara nyingi oili hiyo imeteremka kutoka gasketi ya tapeti kava, swichi ya presha ya oili, au, katika Toyota za zamani zenye distribyuta, pete ya mpira iliyo kwenye shina lake. Pete hiyo ni ya bei ndogo. Uvujaji wa filta, bolti ya kumwagia oili na sampu huonekana kwa urahisi.

Paipu ya kupumulia injini ikiziba, gesi hujaa ndani na kuisukuma oili ipite hata kwenye sili mpya. Kwa hiyo paipu hiyo ikaguliwe kabla ya kununua sili yoyote. Kuzidisha oili kupita alama ya juu nako huleta uvujaji.

Kabla ya safari ya Mata hadi Voi, pima oili gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa dakika kadhaa. Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, simama salama, zima injini mara moja, wala usiiwashe tena kabla ya kupima.