Wimbo wa Kulaza Mtoto, Njia ya Kupitisha Ng'ombe

Niliimba wimbo wa taifa kwa miaka minane ya shule ya msingi Nairobi, nimesimama mstarini, bila kujua ulikotoka. Kuja kuambiwa ni siku moja nikiwa Tarasaa, nimeketi na nyanya chini ya mwembe. "Huo? Huo ni wetu. Sisi tulikuwa tunalazia watoto."

Nilicheka. Kumbe historia iko upande wake. Mwaka 1963, uhuru ukikaribia, kamati ya wanamuziki watano, wakiwemo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, ilitafuta wimbo wa nchi mpya. Tuni waliyoichukua ilikuwa ya akina mama Wapokomo wa Mto Tana, ya kumbembeleza mtoto.

Kwa nyanya, wimbo ule ulikuwa darasa. Mtoto analilia kitu sasa hivi, nawe unamwimbia angoje. Hujamnyima, unamzoesha tu kwamba hayuko peke yake duniani.

Darasa la pili lilikuwa shambani. Mashamba ya Wapokomo yamefuata kingo za mto, maana ndiko kwenye udongo mzuri. Kiangazi kikibana, Waorma huleta ng'ombe wao huku delta, na maji yako nyuma ya mashamba hayo. Basi huachwa njia. Inaitwa malka, neno la Waorma wenyewe. Mkulima hapandi humo, na mfugaji haruhusu ng'ombe wake watoke humo. Wazee, wakiwemo wa Gasa, baraza la Wapokomo, ndio walioamua ugomvi ukizuka.

Lakini nani yuko pale mpakani saa nne asubuhi? Si wazee. Ni mtoto wa Kipokomo anayefukuza ndege na nyani, na mtoto wa Kiorma anayechunga ndama. Mapatano ya watu wazima yalikuwa mikononi mwa watoto wa miaka kumi. Ndiyo maana walifundishwa mapema.

Nyanya anakumbuka alivyomuuliza babake kwa nini waache udongo mzuri hivyo bila kupanda. Babake akamjibu kwa swali: "Na ng'ombe atapita wapi?"

Miaka ikabadilika. Watu wakaongezeka, mto ni ule ule. Mabwawa yakajengwa juu, Masinga likakamilika 1981, na mafuriko yaliyokuwa yakileta rutuba huku chini hayakuja tena kama zamani. Kila mtu akasogea hatua mbili tatu karibu na maji, na malka nyingine zikapandwa mahindi. Serikali ilipotaka kupima ardhi mwaka 2000, wafugaji waliogopa kufungiwa mto kabisa. Mwaka uliofuata damu ilimwagika.

Halafu 2012. Ng'ombe wakaingia mashambani, ng'ombe wakakatwa mapanga, na tarehe 22 Agosti Riketa ikavamiwa. Walikufa watu takriban 50, wengi wao wanawake na watoto. Zikafuata Chamwanamuma, Kilelengwani, na mwezi wa Desemba, Kipao. Vijiji vya pande zote mbili. Nyanya hataji nani alianza. Anasema tu kwamba usiku ule hakuna aliyelaza mtoto kwa wimbo. Watoto walizibwa midomo wasisikike.

Sisi wa mjini tunapenda kusema ilikuwa "ukabila tu", halafu tunaendelea na maisha. Mimi pia nilisema hivyo. Siku hizi naona kitu kingine: watu hawa walikuwa na elimu ya kiasi, iliyopimwa kwa hatua za miguu, na waliifundisha kabla mtoto hajajua kusoma. Elimu hiyo haikuzuia kila ugomvi, na peke yake haiwezi kushinda siasa, bunduki wala bwawa. Lakini bila hiyo, hata amani ikiandikwa ofisini, atakayeitunza pale mpakani ni nani?

Mara ya mwisho nilipokwenda, nyanya alikuwa shambani na kitukuu chake wa miaka sita, wanapanda mahindi. Mtoto akafika mwisho wa mstari, akataka kuendelea. Nyanya akamshika mkono.

"Hapa basi."

"Kwa nini?"

Akamuuliza lile swali la babake. Mtoto akatazama mtoni, akafikiri, kisha akarudisha punje zilizobaki kwenye kibuyu.