Mzee wa Manibe na muhogo wetu

Watu wengi wakiandika historia ya West Nile wanaanza na Idi Amin na wanamalizia hapo hapo kwa Idi Amin. Mimi naianza na jembe, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na aliyenifundisha ni mkulima wa Manibe ambaye shule ya msingi hakuimaliza. Jina lake silitaji. Sisi vijana, Wakongo, Wasudani Kusini na wenyeji, tunamwita Mzee tu.

Kwa ninyi mlioko Imvepi au Rhino Camp ambao hamjafika huku: Manibe iko nje kidogo ya Arua, ukielekea kaskazini. Wenyeji ni Walugbara, ndugu kabisa wa Walugbara wa Aru kule kwetu Kongo, na ndiyo maana Mkongo akifika hapa anaweza kukuta mtu anamsalimia kwa lugha ya bibi yake. Sehemu hii ilikuwa ndani ya Lado, ardhi aliyopewa mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alipokufa ikaenda Sudani mwaka 1910, halafu mwaka 1914 ikahamishiwa Uganda. Yaani mtu aliweza kutawaliwa na serikali tatu akiwa analima shamba lile lile.

Waingereza waliiona West Nile kama mahali pa kuchukua vibarua na askari. Kodi ilitakiwa kwa pesa, na pesa hapa haikuwepo, basi wanaume walishuka kusini kukata miwa Kakira na Lugazi. Baba yake Mzee alikwenda Kakira mara mbili. Baadaye tumbaku ikawa zao la pesa hapa hapa nyumbani. Mzee aliilima ujanani na ameniambia kazi yake: kitalu, kuhamisha miche, kuchuma jani moja moja, halafu kuzikausha kwa moto usiku na mchana. Kuni zake zilikuwa miti yote unayoiona haipo.

Amin alipoangushwa mwezi wa 4 mwaka 1979, watu wa huku walijua kisasi kitakuja, na kilikuja. Mwaka 1980, mwezi wa 10, askari wa zamani wa Amin walishambulia Koboko na Arua, na jeshi jipya la serikali likawamalizia hasira raia. Watu wakatawanyika Sudani na Zaire. Mwaka uliofuata, tarehe 24 mwezi wa 6, askari waliua watu waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu kabisa na Arua. Mzee hakuwepo siku hiyo, alikuwa ameshavuka upande wa Yei na mama yake na wadogo zake. Hapendi kuongea habari ya Ombaci na mimi simlazimishi.

Ila Sudani anaiongea sana. Kuna mama mmoja msomi, Barbara Harrell-Bond, aliyefanya utafiti kati ya wakimbizi wa Uganda kule Yei, akatoa kitabu mwaka 1986 kinachoitwa Imposing Aid. Alionyesha kwamba wakimbizi wengi hawakukaa kwenye makazi ya msaada. Walikaa vijijini kati ya wenyeji, wakaishi kwa kulima mashamba ya watu na kulipwa chakula. Kazi hiyo iliitwa leja leja. Neno hilo unalijua, si ndiyo? Nadhani ni rejareja ya Kiswahili iliyotembea mpaka huko, na leo ndilo tunalolitumia sisi tukienda kulima shamba la mtu ili tupate unga wa jioni. Mzee alifanya leja leja msimu mzima kabla ya kuingia kwenye makazi, ambako familia zilipewa majembe, mbegu, na mgao wa chakula ambao ungepungua mpaka kuisha wakishajitegemea. Tulipomweleza kwamba tangu mwezi wa 7 mwaka 2023 WFP inatugawa kwa makundi, wengine wanapata sehemu ya mgao na wengine hawapati kitu, alicheka kidogo. Akasema, "Hata sisi tulihesabiwa hivyo."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mzee anasema ukitaka kujua mkimbizi anafikiri nini usimuulize, tazama alichopanda. Msimu wa kwanza Yei familia yake ilipanda maharage na mboga, vitu vya miezi miwili mitatu, kwa sababu kila mtu alisema Krismasi tutakuwa nyumbani. Muhogo unahitaji mwaka, wakati mwingine zaidi. Msimu wa pili mama yake akapanda muhogo, na wajomba zake wakagombana naye kabisa. Kupanda muhogo, kwao, kulikuwa kusema tutafia huku. Yule mama akajibu kwamba watoto hawali "tutarudi". Wakakaa miaka sita. Mzee alioa huko huko na mtoto wake wa kwanza alizaliwa huko.

Vita ya Sudani ilipofika kwenye makazi, na serikali ikawa imebadilika Kampala mwaka 1986, wakarudi. Manibe ilikuwa majani, nyumba hakuna. Alirudi na baiskeli, sufuria, na mzigo wa vijiti vya muhogo kutoka shamba la mama yake. Shamba lake la kwanza la kurudi lilitoka kwenye vijiti vile vya ukimbizini. Hiyo sehemu naipenda kuliko zote. Miaka ya 1990 ugonjwa wa batobato ukaenea Uganda na kuua muhogo wake wote, majani yakajikunja kama ngumi. Ilibidi aanze upya na mbegu zinazovumilia ugonjwa, na mpaka leo haamini kijiti ambacho hajaona mti wake. Kwa muhogo huo, na simsim, amesomesha watoto saba.

Mwaka 2021 alitupa sisi, kikundi cha vijana 14, kipande cha ardhi. Kodi hakuna. Tunamlimia siku mbili kwa mwezi, na tulikubaliana kwa mdomo mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mzee hana semina (sisi vijana wa mradi tumekula semina nyingi na soda zake). Anakupeleka shambani asubuhi na kukuonyesha: chagua mti wenye afya, usiopungua miezi minane, kata sehemu ya katikati, siyo ncha laini wala shina gumu. Kijiti kiwe na macho matano mpaka saba. Kiinamishe kwenye udongo, kiache mita moja, na katikati weka maharage ili magugu yasikutawale. Ukikosea anang'oa chote bila maneno na kukurudishia mkononi. Vijana wawili walikasirika wakaondoka, mmoja akarudi. Pesa ya mavuno inaingia kwenye sanduku la kufuli tatu, na funguo wanakaa nazo watu watatu wa mataifa tofauti. Hilo lilikuwa wazo la mke wake, ambaye kwenye hesabu za nyumba ile ndiye mwenye sauti ya mwisho.

Wale tuliopewa viwanja vya mita 30 kwa 30 kambini tunajua maana ya kipande kama hiki.

Lakini tangu tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 2020 Arua ni jiji, na Manibe imeingizwa ndani yake. Mashamba yanapimwa kuwa viwanja. Watu wenye magari wanakuja kuuliza bei, na watoto wawili wa Mzee, wa umri wangu, wanataka kuuza upande wa barabarani, ambao ndiko tulipo sisi. Siwalaumu sana. Mmoja ana bodaboda ya mkopo, na jembe halilipi mkopo. Mzee naye hawezi kusema tu hapana, kwa sababu ardhi hapa ni ya kimila, ni ya ukoo, yeye ni mtunzaji. Sheria ya ardhi ya mwaka 1998 inaitambua milki hiyo, ila ukoo ukikubali kuuza, sisi wageni wa mdomo hatuna karatasi yoyote.

Kikao cha ukoo kimekaa mara mbili bila jibu. Mwezi uliopita nilimuuliza Mzee tupande nini mvua ya mwezi wa 3 ikianza. Alikaa kimya, akaangalia shamba, akasema upande wa juu tuweke maharage. Upande wa barabarani? Akasema tukate vijiti tuviweke kivulini chini ya mwembe, vinaweza kukaa wiki kadhaa, na tumsubiri.

Tumekata. Viko pale vimesimama, vimefunikwa majani makavu, na kila nikipita natazama kama macho yameanza kuchipua.