Farasi Wasiokimbia

Mchoraji wa mbio za farasi hushawishika kuanza na miguu. Ndivyo alivyofanya Mfaransa Théodore Géricault alipochora mbio za Epsom, Uingereza, mwaka 1821: farasi wametanua miguu mbele na nyuma, wala hakuna ukwato unaogusa nyasi. Picha hiyo, iliyoko jumba la makumbusho la Louvre, inasisimua hadi leo. Hata hivyo, mwaka 1878 kamera za mpiga picha Eadweard Muybridge zilionyesha kwamba kwato zote nne za farasi zinapokuwa hewani, miguu yake huwa imekunjwa chini ya tumbo.

Mchoraji Edgar Degas alizifahamu picha za Muybridge. Lakini katika mchoro wake wa pasteli wa mwaka 1894, ulioko jumba la makumbusho la Thyssen-Bornemisza mjini Madrid, hakuna anayekimbia. Wapanda farasi wanapita vilimani taratibu, pasipo uwanja wala watazamaji. Kwa kawaida shati la mpandaji hubeba rangi za mwenye farasi ili atambulike kutoka mbali. Aliyewahi kufika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, analijua hilo. Hapa hakuna wa kumtambua, hivyo rangi imebaki huru. Mashati yanawaka kama makaa mbele ya vilima vilivyofifia, na jicho la mtazamaji linaruka kutoka shati moja hadi jingine. Mbio zimehamia kwenye jicho.

Weka kando ya picha hiyo ya Degas mchoro wa Han Gan wa China, wa karibu mwaka 750, uliohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Ni wino juu ya karatasi. Farasi mweupe wa Mfalme Xuanzong amefungwa kwenye nguzo, hana mpandaji. Singa zimesimama, pua zimetanuka, jicho limetoka. Binadamu haonekani, ila nguzo yake ipo, na nguvu zote za mnyama zinapambana nayo.

Kwa Degas, mpandaji na farasi wamepatana, nguvu zao zikachomoza katika rangi. Kwa Han Gan, hakuna mapatano, na nguvu zinachemka ndani ya mstari. Wote wawili wametambua jambo lililompita Géricault: mwendo huonekana zaidi pale unapozuiwa.

Kwa hiyo, ukikutana na picha ya wapanda farasi iliyojaa rangi, usiisifu kwa wingi wa rangi zake. Jiulize rangi hizo zinafanya kazi gani ambayo wino mtupu ungeshindwa kuifanya. Za Degas zina jibu.