Chema Nacho Hujitembeza

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa muuza maembe methali hiyo ni sawa. Lakini kwa kijana aliyemaliza chuo cha uganga, mwenye vyeti vyake katika bahasha ya kaki, yaweza kumpotosha. Hujiambia: nimefaulu, kazi itanifuata. Hukaa nyumbani akingoja, na mwaka hupita.

Leo tuwakumbuke watu waliokuwa hodari kweli kweli, lakini wakalazimika kujitembeza. Hao ni wasaidizi wa madaktari wa kwanza wa Marekani, ambao kazi yao haiko mbali na ya matabibu wetu.

Katikati ya miaka ya 1960 Marekani ilikuwa na uhaba wa madaktari, hasa vijijini. Wakati huo huo askari waliofanya kazi ya utabibu walikuwa wakirudi uraiani. Walizoea kuzuia damu, kushona majeraha na kutuliza homa bila daktari karibu. Lakini uraiani hapakuwa na cheo kilicholingana na ujuzi wao.

Mwaka 1965 Dk. Eugene Stead wa Chuo Kikuu cha Duke, katika jimbo la North Carolina, aliwachukua wanne waliotoka Jeshi la Majini, akaanza kuwafundisha kwa miaka 2. Mwaka 1967 watatu walihitimu. Hebu fikirini hali yao. Walikuwa na cheti cha kazi ambayo wagonjwa hawakuwahi kuisikia, na ambayo sheria ilikuwa bado haijaipa nafasi yake. Barua ya maombi ungemwandikia nani?

Hawakukaa kungoja tangazo. Mwaka 1968 wahitimu na wanafunzi wa Duke waliunda chama chao, wakiwa wachache wa kuhesabika, ili kazi yao ijulikane. Mwaka 1973 ukafanyika mtihani wa kwanza wa taifa, hivyo mwajiri wa mbali akapata kipimo cha kumwamini mtu asiyemjua.

Lakini fundisho kubwa lilitoka Seattle. Mwaka 1969 Dk. Richard Smith, wa Chuo Kikuu cha Washington, aliugeuza utaratibu. Badala ya kufundisha kwanza na kutafuta ajira baadaye, alianza na madaktari wa vijijini waliolemewa na wagonjwa. Wanafunzi wake 15 walikaa chuoni miezi 3, kisha kila mmoja akafanya kazi kwa mwaka mmoja chini ya daktari aliyetarajiwa kumwajiri. Mafunzo yalipokwisha, daktari hakuwa na haja ya kusoma barua ya maombi. Alikwisha mwona mtu wake akihudumia wagonjwa.

Hata hivyo njia haikuwa nyeupe. Jimbo la Mississippi lilikuwa la mwisho kuihalalisha kazi hii, mwaka 2000, miaka 33 baada ya wale watatu kuhitimu. Kwa hiyo mtafuta kazi ilimpasa kujua si nani anamhitaji tu, bali pia ni wapi sheria inamruhusu. Leo wasaidizi hao nchini Marekani wamezidi 150,000.

Na sisi je? Hapa Tanzania, kwa miaka mingi, tabibu hakutafuta kazi. Alipangiwa kituo, akafunga mizigo, akapanda basi. Hospitali za biashara zilipigwa marufuku mwaka 1977, zikaruhusiwa tena mwaka 1991. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 Serikali ilipunguza watumishi na kuzuia ajira mpya. Mlango uliozoeleka ulisinyaa wakati mlango mwingine ukifunguka, na aliyezoea kupangiwa hajui mara moja kubisha hodi.

Basi vijana wetu wajifunze. Siku ya kwanza ya mazoezi ya kazi ndiyo siku ya kwanza ya kuomba kazi. Aliye kazini na aangalie ni zahanati ipi imelemewa, amjue mganga mkuu wake, awahi zamu, aandike faili vizuri. Usajili wake aukamilishe mapema. Na asiipuuze wilaya ya mbali, maana huko ndiko walikoanzia wale wa Seattle.

Vyuo navyo visijivue lawama. Kumfundisha kijana bila kujua ni nani atakayemhitaji ni kumtwika mzigo na kumwacha njia panda. Ni aibu mgonjwa kusubiri kutwa nzima kwenye benchi la zahanati, huku tabibu aliyefuzu amekaa barazani akingoja kuitwa.

Ndiyo, chema chajiuza. Lakini sharti kwanza kifikishwe sokoni.